Mapitio ya ufadhili wa FLAS: posho nono, masharti yasiyosamehe

FLAS (Foreign Language and Area Studies) ni ufadhili wa serikali ya Marekani unaomlipa mwanafunzi wa chuo kikuu asome lugha ya kigeni pamoja na masomo ya eneo inakozungumzwa. Kwa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayehitaji Kiswahili, Kiyoruba au Kiuzbeki kwa ajili ya utafiti, ni vigumu kupata mpango mwingine wa serikali unaomfaa kuliko huu. Thamani yake haina ubishi. Kinachosumbua ni masharti yanayomnasa mwombaji asiyesoma kanuni hadi mwisho, na mlipaji ambaye tangu 2025 hategemewi.

Mpango ulizaliwa na Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa ya 1958, mwaka mmoja baada ya Wasovieti kurusha setilaiti ya Sputnik. Mwaka 1980 ulihamishiwa Sehemu ya VI ya Sheria ya Elimu ya Juu, na hapo ndipo ulipo hadi leo. Fedha hutoka Wizara ya Elimu kwenda vyuoni, haziendi moja kwa moja kwa mwanafunzi. Kila baada ya miaka minne vyuo hushindana, na vinavyoshinda hupewa nafasi za kugawa. Kwa hiyo maombi hupelekwa kwenye kituo cha masomo ya Afrika, Asia au Amerika ya Kusini cha chuo husika, mara nyingi mwisho ukiwa Januari au Februari, na kituo hicho ndicho kinachochagua. Kuiandikia Wizara ni kupoteza muda.

Viwango vya karibuni ni hivi. Kwa mwaka wa masomo, mwanafunzi wa uzamili au uzamivu hupata posho ya dola 20,000, na chuo chake hulipwa hadi dola 18,000 za ada. Wa shahada ya kwanza hupata posho ya dola 5,000 na hadi dola 10,000 za ada. Majira ya kiangazi, wote hupata posho ya dola 3,500 na hadi dola 5,000 za ada. Angalia hizo dola 18,000: katika chuo binafsi cha gharama kubwa huenda zisifike hata nusu ya ada ya mwaka. Vyuo vingine hufuta kiasi kinachobaki, vingine humwachia mwanafunzi. Jibu la swali hilo lipatikane kwa maandishi kabla ya kukubali. Posho nayo huhesabiwa kuwa kipato lakini kwa kawaida haikatwi kodi mapema, kwa hiyo asiyetenga akiba hujikuta anadaiwa Aprili.

Wanaostahili ni raia wa Marekani na wakazi wa kudumu. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo hana nafasi hapa, hata akiwa bora darasani. FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za masomo, hujazwa kwa sababu wenye uhitaji wa kifedha hupewa kipaumbele. Vituo vingi hulihesabu ombi lisilo na fomu hiyo kuwa halijakamilika. Na anayekimudu Kiswahili kwa ufasaha wa mzawa hafadhiliwi kwa Kiswahili. Mtoto wa wahamiaji anayeelewa lugha nyumbani lakini hawezi kuiandika anaweza kukubaliwa, ila kwa kawaida atapimwa kwanza ili awekwe ngazi inayomfaa.

Kwa shahada ya kwanza kuna kikwazo kingine: lugha lazima iwe miongoni mwa zile zisizofundishwa sana, na mwanafunzi aanzie ngazi ya kati. Kihispania, Kifaransa na Kijerumani haviingii. Anayetaka kuanza Kiswahili kutoka sifuri atajigharamia mwaka wa kwanza, kisha aombe kwa ajili ya wa pili. Hili kwetu ni kosa la usanifu wa mpango, kwa sababu mwaka wa kwanza ndio unaowapoteza wengi. Mwanafunzi wa uzamili anaruhusiwa kuanza mwanzo.

Panapoharibika zaidi ni kiangazi. Kozi lazima iwe ya wiki 6 au zaidi, na iwe na saa 140 za darasani kwa ngazi ya mwanzo na ya kati, au 120 kwa ngazi ya juu. Fanya hesabu kabla ya kulipa amana. Wiki 6 za saa 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni saa 120: zinamtosha wa ngazi ya juu, lakini wa ngazi ya kati amekwama. Wiki 7 kwa ratiba hiyo hiyo zinatoa 140 kamili, na hapo ndipo mtego ulipo, maana Juni 19 na Julai 4 ni sikukuu. Zote mbili zikiangukia siku za kazi bila kufidiwa, zimebaki 132 na ombi linakataliwa. Wiki 8 hutoa 160 na kumwacha mtu apumue. Ziara za soko, filamu za jioni na chakula cha mchana pamoja na mwalimu visihesabiwe kuwa saa za darasani mpaka kituo kiseme hivyo. Omba ratiba ya siku kwa siku yenye jumla ya saa. Kijitabu cha matangazo hakitoshi.

Kozi ya nje ya nchi inahitaji kibali cha Wizara kabla ya safari, na anayeanza lugha kwa kawaida hatumwi nje ikiwa kozi kama hiyo ipo Marekani. Kwa lugha za Afrika, kimbilio la ndani limekuwa SCALI, taasisi ya kiangazi ambayo vyuo vimekuwa vikipokezana kuiandaa.

Wakati wa mwaka wa masomo mambo ni mepesi: kozi ya lugha na kozi ya masomo ya eneo, zote kwa alama. Kinachosahaulika ni kwamba kuiacha kozi ya lugha katikati ya muhula ni kuhatarisha posho yote. Baada ya kuhitimu, serikali hutuma dodoso kila miaka miwili kwa muda wa miaka 8. Hakuna deni la utumishi.

Hapo ndipo tofauti na Boren, ufadhili mwingine wa serikali ya Marekani wa kusoma lugha, inapoonekana. Boren hutoa hadi dola 25,000 na humpeleka mtu nje kwa muda mrefu, lakini ni kwa raia pekee, na mpokeaji hudaiwa angalau mwaka mmoja wa kazi katika serikali kuu. Asiyetaka kazi hiyo asiiguse. CLS, ufadhili wa lugha wa Wizara ya Mambo ya Nje, haina deni hilo, hulipia takribani wiki 8 kwa ukamilifu, na Kiswahili chake kimewahi kusomwa Arusha. Lakini ni kiangazi tu.

Sasa mlipaji. Ruzuku hutangazwa kuwa ya miaka minne, lakini hutolewa mwaka kwa mwaka, na kila mwaka hutegemea bajeti na uamuzi wa Wizara. Mwaka 2011 fedha za Sehemu ya VI na za Fulbright-Hays, mpango wa Wizara hiyo hiyo wa utafiti na masomo ng'ambo, zilishuka kutoka takriban dola milioni 126 hadi milioni 76, na hazikurudi zilipokuwa. Machi 2025 ofisi iliyosimamia mipango hii ilipoteza wafanyakazi wake katika upunguzaji mkubwa wa Wizara. Baadaye mashindano ya Fulbright-Hays ya mwaka huo yakafutwa. Na Septemba vyuo vikaarifiwa kwamba mwaka wa mwisho wa mzunguko ulioanza 2022 hautalipwa, muhula ukiwa umeshaanza.

Kwa hali hiyo, mwanafunzi wa uzamivu asiache kazi ya ualimu msaidizi kwa ahadi ya FLAS pekee. Akipata barua ya ufadhili, aulize mambo mawili: je, fedha za mwaka huo zimeshaingia chuoni, na je, nafasi yake ya ualimu itatunzwa zikikatika? Kituo kisichoweza kujibu swali la pili kimekwisha kujibu.

Kwa walimu wa Kiswahili walioko Kenya au Tanzania, FLAS si njia yao. Njia yao ni FLTA ya Fulbright, inayomleta mwalimu kijana kufundisha lugha yake katika chuo cha Marekani kwa takribani miezi 9, bila kupewa shahada. Viza yake ni ya J-1, ya programu za kubadilishana, na inamtaka arudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba ukazi wa kudumu.