Habu za trela kwenye Wheel Horse yangu, miezi minane sasa
Trekta yangu ya bustani ni Wheel Horse ya miaka ya 70, iliyoundwa South Bend, Indiana, jimbo hilihili ninaloishi. Injini haina neno. Tabu ilianza nilipoifunga koleo la mbele la kuzolea mchanga: magurudumu yakawa yanayumba kama miguu ya ndama aliyezaliwa jana.

Silaumu trekta. Stabu za mbele, yaani vile vyuma vinavyoshika magurudumu, ni za inchi 3/4, na beringi za golori zimekaa ndani ya rimu yenyewe; habu, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu kwa bolti, hakuna. Ni trekta ya kukata nyasi, mimi nikaibebesha mchanga.

Nikaagiza mtandaoni seti ya trela: stabu za inchi 1, habu za bolti 4, sili, na beringi za roli zenye umbo la pia, namba L44643, ambazo kila duka la vipuri vya trela huku linazo. Vyuma ni vizuri. Grisi ilikuwa ya kupaka tu. Nikaziosha beringi zote na kuzijaza upya.

Stabu za asili sikuzikata. Nilitafuta nyingine kuukuu, nikampelekea fundi mchomeleaji azichomelee zile za inchi 1, kwa sababu uzito wote unakaa hapo na mkono wangu siuamini.

Ambalo karatasi ya maelekezo haikusema ni kwamba habu ya trela husukuma gurudumu nje. Langu lilitoka karibu inchi 2, na koleo likijaa, usukani haugeuki hata kwa mikono miwili. Fundi akakata alipochomelea, akaisogeza stabu ndani, nami nikalipa mara ya pili. Funga gurudumu kwanza, pima, ndipo uchomelee.

Nati nayo ina adabu yake. Ikaze huku unazungusha gurudumu mpaka liwe zito, ilegeze, kisha ikaze kwa vidole tu na uweke pini. Mimi niliikaza kama ya gari. Nusu saa baadaye habu haishikiki kwa moto.

Tangu hapo nimesomba mchanga wa bustani nzima, na nikilitikisa gurudumu halichezi. Jirani yangu anayekusanya trekta za zamani amenuna kidogo, mpaka nilipomwonyesha stabu za asili ndani ya kopo la oili. Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa sababu ya ile karatasi.