Meep na miundo inayojirudia: inamfaa mwanafunzi asiye na pesa ya leseni?

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Nawasalimu kutoka Kisumu. Leo tunaichambua Meep, programu ya bure ya kuiga mwenendo wa mwanga kwenye kompyuta, iliyoanzishwa chuo kikuu cha MIT kule Marekani. Sitaigusa yote. Nataka tuangalie jinsi inavyoshughulikia miundo inayojirudia, na nawalenga hasa nyinyi mnaosoma fizikia Maseno, Masinde Muliro au Egerton, maana leseni za programu za kulipia mfuko wa mwanafunzi hauziwezi.

Tazameni sidii hii ya benga. Nikiielekeza dirishani, rangi zinacheza. Hakuna aliyeipaka rangi. Ni mistari myembamba iliyopangwa kwa umbali wa nanomita 1,600 kutoka mmoja hadi mwingine, nayo inaipeleka kila rangi ya mwanga kwa pembe yake. Mistari ni maelfu, kwa hiyo huwezi kuichora yote. Unachora mmoja, halafu unaiambia programu kwamba kushoto na kulia mambo ni yale yale, kama ua la kitenge linavyojirudia hadi mwisho wa kitambaa.

Kwenye Meep agizo hilo ni k_point, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Usipoliandika kabisa, Meep inaweka kuta za metali kamili pembeni. Programu itaenda, picha zitatoka nzuri, na hutaona onyo lolote, lakini utakuwa umeufungia mwanga ndani ya boksi. Kwa mwanga unaoshuka wima, andika k_point=mp.Vector3(), yaani vekta ya sifuri. Kuandika sifuri na kuacha wazi ni mambo mawili tofauti kabisa. Juu na chini unaweka PML, tabaka linalomeza mawimbi yasirudi.

Sasa kabla hujabonyeza chochote, chukua kalamu. Gawanya urefu wa wimbi kwa umbali wa mistari. Mwanga mwekundu wa nanomita 650 unakupa 0.406, ambayo ni sini ya pembe, kwa hiyo oda ya kwanza ya difrakisheni, yaani mwale wa kwanza unaochepuka pembeni, inatoka kwa nyuzi 24, ya pili, yenye sini mara mbili ya hiyo, kwa nyuzi 54, na ya tatu haipo kwa sababu sini haiwezi kuzidi 1. Ukihesabu pande zote mbili pamoja na ile ya katikati, hewani zinatoka oda 5. Lakini ndani ya plastiki ya sidii, ambayo inapunguza kasi ya mwanga takriban mara 1.58, wimbi linafupika na oda zinakuwa 7. Mwanga wa buluu wa nanomita 450 una oda 7 hata hewani. Meep inakuruhusu kupima nguvu ya kila oda peke yake. Zijumlishe, kisha linganisha na nguvu yote iliyopita pale unapopimia. Zisipolingana, kuna oda umeisahau. Kipimo hiki nakipenda sana kwa sababu hakihitaji mtu wa kukuthibitishia.

Kwa mwanga unaorudi juu, endesha kwanza bila mistari, uhifadhi mwanga unaoingia, halafu uutoe kwenye hesabu ya pili.

Mwanga unaoingia kwa kuinama, si wima, ndio mgumu. Ukiweka k_point moja na chanzo chenye rangi nyingi, kila rangi inapata pembe yake. Ukipanga nyuzi 20 kwa nanomita 550, ile ya 450 inaingia kwa nyuzi 16 na ya 650 kwa karibu 24. Grafu yako itaonekana ni ya pembe moja, kumbe sivyo. Endesha kila rangi kivyake, hata kama inachosha.

Kuhusu pikseli, yaani vijisanduku ambavyo programu inaugawia mchoro wako, 50 kwa maikromita zinatosha kuanzia: mstari mmoja wa sidii unapata pikseli 80 kamili. Ukiziongeza maradufu kwenye mchoro wa pande mbili (2D), muda unakuwa mara 8. Kwa laptopu ya kawaida, baki kwenye pande mbili kwanza.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haina madirisha ya kubofya. Unaandika kodi, kwa kawaida ya Python, na mwenye Windows kwa kawaida hupitia WSL, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows. Asiyewahi kuandika programu atateseka wiki za mwanzo. Mimi bado ningemshauri aanze nayo, kwa sababu kila mpaka unauandika kwa mkono wako, na hivyo unajua umeuliza nini.

Kazi yenu sasa: badilisheni sidii kwa DVD, umbali wa nanomita 740, mwanga ule ule wa 650. Mnapaswa kubaki na oda 3 tu hewani, zile za pembeni kwa nyuzi 61. Mkipata tofauti, niandikieni hapo chini mkiweka na mstari wenu wa k_point.