Rangi za chupa za kutia fulana nyumbani na watoto: uzoefu wangu

Batiki nyingi za mafundi wetu hutiwa rangi kwa kostiki soda na haidro, yaani unga wa kemikali unaosaidia rangi iyeyuke. Rangi ile inashika kwelikweli na nguo haichuji ovyo, lakini kostiki huunguza ngozi na haidro inakaba koo. Siwezi kumsogeza mtoto wa miaka 6 karibu na ndoo kama hiyo. Wanangu walipoanza kudai fulana za kujitengenezea wenyewe, nikatafuta seti ya rangi za maji baridi, nikaipata kwenye duka la vifaa vya sanaa hapa Dar es Salaam kwa shilingi 40,000.

Ndani mna chupa za kubinya zenye rangi ya unga, glovu na mipira ya kufungia. Unga umeshachanganywa na soda ashi, na soda hiyo ndiyo inayoifanya rangi ishikane na nyuzi za pamba bila kuchemsha chochote. Unajaza maji ya kawaida, unatikisa, kazi inaanza. Soda ashi nayo inawasha ngozi, kwa hiyo glovu ni lazima. Za kwenye seti ni kubwa, zinawapwaya watoto. Nilizibana na mipira kwenye vifundo vya mikono.

Kujaza maji nilifanya mwenyewe, nje, nikiwa na barakoa, maana vumbi la rangi za aina hii linaweza kuleta mzio kwenye njia ya hewa. Na maelezo ya boksi hayakusisitiza jambo moja muhimu: ukishatia maji, rangi inaanza kupoteza nguvu, kwa sababu inaungana hata na maji yenyewe. Funga fulana zote kwanza, ndipo uguse chupa.

Kufunga ndiko kulikonifurahisha kuliko yote. Mkubwa alishika katikati ya fulana akaizungusha hadi ikawa duara kama konokono, akaikaza kwa mipira. Mdogo alifungia maharage makavu kwenye kitambaa, moja moja, kila moja na mpira wake. Mahali pale pakatoka vijiduara vyeupe, kila kimoja na umbo lake. Alitulia kwenye kazi ile muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitulia kwenye kitu chochote.

Kwenye kumimina, wasimamie. Njano na bluu zikigusana zinazaa kijani kizuri, lakini zambarau ikikutana na njano unapata kahawia ya matope. Mtoto pia hupenda kumwaga mpaka chupa iishe, na fulana isiyobaki na weupe wowote haioneshi umbo.

Fulana za mitumba zinafaa sana, ila soma lebo: iwe pamba tupu. Polista haishiki rangi hizi. Hata fulana ya pamba mara nyingi imeshonwa kwa uzi wa polista, kwa hiyo mishono hubaki myeupe. Mimi naipenda hivyo.

Boksi linaelekeza kufunika nguo kwa mfuko wa plastiki ili isikauke. Kwa kuwa mifuko ile imepigwa marufuku hapa nchini tangu 2019, nilitumia ndoo yenye mfuniko, na unyevu ulikaa vizuri hadi asubuhi. Joto la Dar linasaidia rangi kushika. Aliye Mbeya au Lushoto mwezi wa saba aiweke ndoo ndani, mahali penye joto, na asiwe na haraka ya kuifungua.

Kasoro kubwa ni maji. Unasuuza kwa maji baridi kwanza, huku mipira bado imefungwa, kisha unafungua na kuendelea mpaka maji yakaribie kuwa meupe. Halafu unafua kwa maji ya moto na sabuni, kuondoa rangi ambayo haikushika. Fulana chache zilimaliza ndoo nyingi, na kwa anayenunua maji kwa dumu hiyo ni gharama ya kuhesabu pamoja na bei ya seti. Bluu ndiyo iliyosumbua zaidi kutoka.

Baada ya kufuliwa mara kadhaa, nyekundu na njano bado zimekolea, bluu imepungua kidogo. Mwanzoni zifue peke yake, na zianike kivulini. Nimeshanunua seti nyingine kwa ajili ya foronya zao.