TAHADHARI: Ukiuziwa bomba la ekzosi la inchi 4, lipime kabla halijafungwa

Ndugu zangu wenye malori na madereva mnaotengenezea magari hapa Dodoma, someni hili kabla hamjatoa hela ya ekzosi, yaani bomba la moshi. Mimi nimeshapigwa. Jina la fundi siliandiki hapa, ila mbinu yake nitaieleza yote, maana bado anaendelea nayo.

Nina Fuso yenye injini ya 6D16 ya turbo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa kwenye injini. Bomba la kiwandani lilikuwa limeoza, likitoboka huku linazibwa kule. Fundi akaniambia atanitengenezea jipya la inchi 4 kuanzia kwenye turbo mpaka mwisho, na atalivisha kitambaa cha kuzuia joto ili lisichome waya za chini. Tukakubaliana laki sita na nusu. Nilipokuja kuchukua gari jioni nikakuta kazi inapendeza: flenji (sahani ya kufungia bomba) ya inchi 4, sailensa mpya, mwishoni bomba linang'aa. Risiti hakunipa, na mimi sikudai. Hilo ni kosa langu.

Safari ya kwanza tulikwenda Igunga kuchukua mchele. Kwenda, gari tupu, sikuona tatizo. Kurudi na mzigo, tulipoacha Shelui na kuanza kupanda Sekenke, gari ikakosa pumzi kabisa. Mlima ambao dereva wangu huwa anaupanda kwa gia ya tatu, safari hii aliupanda kwa ya kwanza, moshi mweusi umetanda nyuma. Ilikuwa usiku. Utingo alipochungulia chini ya kabini akaona nyumba ya turbo imekuwa nyekundu kama mkaa. Tulisimama mara mbili kuipumzisha kabla ya kufika juu.

Nilipofika nyumbani nikafungua kile kitambaa. Flenji kweli ni ya inchi 4, lakini bomba la inchi 4 linaenda kama shubiri moja tu. Baada ya hapo amechomelea bomba la maji, lile la chuma la mabati linalouzwa madukani kwa jina la inchi 2 na nusu, hadi kwenye sailensa. Kitambaa amekizungusha tabaka juu ya tabaka mpaka unene ukalingana na inchi 4. Na kona zote tatu ni za kukatwa kwa grenda na kuungwa, ndani zimejaa matone ya kuchomelea.

Nilipima. Kwa nje bomba hilo lina milimita 76, na kwa sababu ukuta wake ni mnene, njia ya ndani inabaki milimita 69 hivi. Bomba halisi la ekzosi la inchi 4 lenye ukuta wa milimita 1.5 lina njia ya milimita 98. Msidhani tofauti hiyo ni ndogo. Njia ya moshi huhesabiwa kwa eneo la duara, na kwa vipimo hivyo nusu nzima ya njia yangu ilikuwa imepotea.

Nilipomrudia hakukana. Aliniambia injini lazima ipate "mkandamizo wa nyuma", eti bomba pana linaua nguvu. Maneno haya mtayasikia sana, na kwa dizeli yenye turbo si ya kweli. Turbo huzungushwa na tofauti ya mkandamizo kati ya moshi unaoingia na ule unaotoka. Ukibana njia ya moshi unaotoka, gurudumu la turbo linakosa nguvu ya kuzunguka, hewa inayoingia kwenye injini inapungua huku dizeli inaendelea kumwagwa ile ile. Ndiyo maana ya ule moshi mweusi na ule wekundu. Baada ya turbo, moshi upewe njia iliyo wazi. Sisemi mfunge bomba la inchi 6 kwenye Fuso. Halikuongezei kitu cha maana, na litawapa shida kupita kwenye chesi na shafti. Anzeni na kipimo cha kiwandani, msikubali kushuka chini yake.

Lingine ni uzito. Bomba la maji la saizi ile lina zaidi ya kilo 6 kwa mita, wakati la ekzosi la inchi 4 halifiki 4. Hakuweka kipande cha kunyumbulika wala hanga za kutosha, kwa hiyo mzigo wote na mtikisiko wa barabara ulining'inia kwenye turbo. Manifodi yangu, ile inayokusanya moshi wa injini na kushika turbo, imeshapata ufa, na kuitafuta nyingine imenigharimu kuliko ile ekzosi yenyewe.

Na ninawaonea huruma vijana wake wanaochomelea. Mabati yakichomwa hutoa moshi mweupe wa zinki, na anayeuvuta mfululizo anaweza kupata homa na kutetemeka usiku. Ukiona moshi mweupe mzito na unga mweupe kando ya weldi, jua bomba unalofungiwa ni la maji.

Kupima ni rahisi. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha kwenye bomba tupu kabla halijavishwa chochote. Inchi 4 ni sentimita 32 kasoro kidogo. Ukipata 28, hiyo ni inchi 3 na nusu. Ukipata 24, ni inchi 3 kwa nje, kama langu. Pima katikati na kila baada ya kona, siyo kwenye flenji tu, kisha chungulia kwa tochi ndani ya kona. Kitambaa kifungwe ukiwa umesimama pale pale. Na risiti iandikwe saizi ya bomba na unene wake.

Juzi dereva mmoja wa Scania ameniambia fundi huyo anapita kwenye maegesho ya malori jioni na kipande cha sampuli mkononi, kizuri, cha inchi 4 kweli. Kile alichonifungia mimi nimekikata na ninakibeba nyuma ya kiti. Ukikuta Fuso yangu imepaki Nala, mwombe dereva akuonyeshe.