Kikombe gani cha kumwachishia mtoto chupa? Nimevipanga, kuanzia cha kununua leo hadi cha kuacha dukani

Muuzaji wa Kariakoo, pale Mtaa wa Kongo, alikigeuza kikombe juu chini akakitikisa kama anapiga kayamba. "Mama, ona mwenyewe, hakitoi hata tone." Nikalipa shilingi 18,000 bila hata kuomba anipunguzie, nikarudi Tabata nikijiona kazi nimeimaliza. Mwanangu alikuwa na miezi 14 na chupa tatu kwa siku. Siku ya kwanza alikirusha chini ya kochi. Baada ya wiki alikuwa anakinyonya vizuri sana, analala nacho, anaamka nacho, akinyang'anywa analia. Kumbe nilikuwa nimemnunulia chupa ya pili, ila hii ina vishikio.

Tangu hapo navitazama vikombe vya watoto kwa jicho jingine. Kile kisichomwaga kimetengenezwa kumhurumia mama na zulia lake. Mtoto anayejifunza anahitaji kitu kitakachommwagikia kifuani, ajue mwenyewe ainue kiasi gani na ashushe lini. Kwa hiyo orodha yangu inaanzia pale ambapo maduka mengi yanaishia.

Kabla ya pesa kutoka, mambo mawili. Madaktari wa watoto hushauri kikombe kianze kuzoeleka tangu miezi 6, mtoto anapoanza kula, na chupa iwe imeondoka kati ya miezi 12 na 18. Sababu ya kwanza ni meno: maziwa yana sukari yake ya asili, na usingizini mate hupungua, kwa hiyo anayelala na chupa mdomoni anayaogesha meno ya mbele kwa sukari usiku kucha. Ya pili ni kupungukiwa damu. Chupa hunyweka kirahisi mno, mtoto anajaza tumbo maziwa, ugali na mboga havina tena nafasi, na maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana. Aliyevuka mwaka, kama nusu lita kwa siku inamtosha. (Anayenyonya ziwa hahusiki na haya ya kuachishwa. Aendelee hadi miaka miwili na zaidi akitaka.)

Namba 1: kikombe kidogo cha wazi

Nilipompeleka mtoto Tanga, mama yangu alikitazama kile cha 18,000, akakiweka kando bila neno. Akaenda kabatini akatoa kikombe cha kahawa, vile visivyo na mkono wanavyotembeza wauza kahawa, akatia mafunda mawili ya maziwa. "Mpe." Funda la kwanza liliishia kwenye kanga. La pili likaingia nusu. Siku ya tatu mtoto alikuwa anakishika kwa mikono yote miwili, anakunywa, halafu anachungulia ndani kuona kama kimebaki kitu.

Siri ni ukubwa. Kikombe cha chai cha nyumbani kinameza uso wote wa mtoto wa mwaka mmoja, na akikiinua maziwa yanamjia kwa mkupuo hadi puani. Tafuta cha mililita 60 hadi 120, chepesi, kipana kitakoni kisipinduke ovyo, chenye ukingo mnene kidogo. Cha kahawa cha udongo kinafaa mno kwa umbo lakini kikianguka sakafuni ni vigae, kwa hiyo nyumbani kwangu nilihamia kwenye cha stili cha ukubwa uleule. Vya plastiki nilivyopata kwenye meza ya vyombo vilikuwa shilingi 1,000 kimoja. Na kama mfuko umekauka kabisa, kile kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya kikohozi, kikioshwa vizuri, kinatosha kuanzia. Hospitalini watoto njiti wasioweza kunyonya hunyweshwa kwa vikombe vidogo namna hiyo, kwa hiyo usiniambie wako wa miezi kumi bado mdogo.

Kikombe cha bati sikipendekezi kwa maziwa ya moto. Bati linashika joto, na ukingo unaunguza midomo kabla maziwa hayajafika. Tena vingi ni vikubwa, na rangi ikishabanduka ukingoni basi.

Namna ya kumshikia nayo ina lake. Mkalishe wima. Ukingo uguse mdomo wa chini, inamisha hadi maziwa yafike kwenye mdomo, kisha ngoja. Usimmiminie. Mtoto mwenyewe atatoa ulimi au midomo kuyavuta, na hicho kitambo unachongoja ndipo anapojifunza. Mfungie kanga shingoni na mkalishe pasipo na zulia.

Namba 2: kikombe chenye mrija

Hiki ndicho cha safari, cha kwa bibi, cha kanisani. Kunywa kwa mrija kunataka midomo ifumbwe na mashavu yafanye kazi, tofauti na kunyonya chuchu ya chupa, kwa hiyo mtoto anajifunza kitu kipya. Chagua mrija mfupi, laini, usio na vali ndani, yaani kile kizuizi cha mpira kinachozuia maziwa yasimwagike. Ule wenye kijiwe chini, unaofuata maziwa hata kikombe kikilala, ni mzuri kwa mtoto anayependa kunywa kalala chali, lakini sasa kwa nini anywe maziwa kalala chali?

Kama hajui mrija ni kitu gani, chovya mrija kwenye maziwa, ziba tundu la juu kwa kidole, ufikishe mdomoni mwake, kisha achia kidole. Matone yanaingia. Akishaelewa kwamba kile kijiti kina utamu ndani, atauvuta mwenyewe. Njia nyingine ni pakiti ndogo ya maziwa ya dukani yenye mrija wake: unaibinya kidogo, yanapanda, anashtuka, anacheka, anataka tena.

Usinunue kikombe hiki bila kibrashi chembamba cha kupita ndani ya mrija. Nilisahau kimoja kwenye mkoba tangu Ijumaa. Jumapili usiku nilipokifungua, harufu ilifika sebuleni kabla yangu. Nilichemsha mrija mara mbili, harufu ikagoma, nikautupa. Kwa hiyo muulize muuzaji kama mirija ya akiba inauzwa peke yake. Kama haipo, ujue unanunua kikombe cha miezi michache.

Namba 3: cha kunywea pande zote

Hakina mdomo. Juu kuna duara la silikoni, mtoto anabana ukingo kwa midomo, maziwa yanatoka upande wowote. Nakiweka katikati kwa sababu mtoto angalau anaweka midomo kwenye ukingo kama mtu mzima, na kwenye daladala hakikuaibishi. Ubaya: wengine wanaking'ata badala ya kunywa, na maziwa yanajificha chini ya lile duara. Vinaletwa kutoka nje na bei yake haicheki. Ukiletewa zawadi, pokea kwa mikono miwili. Kwa pesa yako, anza na namba 1.

Namba 4: cha mdomo mgumu, bila vali

Hivi vimejaa kila duka la vitu vya watoto. Mfuniko una mdomo wenye vitundu viwili vitatu, na ukikigeuza kinachuruzika. Ndicho tunachotaka: kichuruzike. Kinafaa kama daraja la mwezi mmoja hivi, kisha mfuniko unang'olewa na kinabaki kikombe cha kawaida.

Na kama tayari unacho cha "hakitoi hata tone", usikitupe. Fungua mfuniko, utakuta kipande cha mpira kimepachikwa chini ya mdomo. Kile ndicho vali. King'oe. Mimi nilipong'oa cha kwangu nilikuta mstari mweusi wa kuvu umezunguka pale mpira ulipokuwa umekaa, na kile kikombe nilikuwa nakiosha kila siku kwa maji ya moto. Nilikaa kitako jikoni.

Cha mwisho: mdomo wa silikoni unaofungwa kwenye chupa ileile

Unauzwa kama njia ya upole ya kumhamisha mtoto. Chupa ni ileile, analala nayo vilevile, na sasa umelipia chuchu ya sura nyingine. Uache ulipo.

Ukiwa dukani

Kigeuze utazame kitako. Pembetatu yenye namba 5 ni plastiki nzuri kwa maziwa ya vuguvugu. Namba 7 ni kapu la mchanganyiko, na ile ngumu inayong'aa kama kioo huweza kuwa na BPA, kemikali iliyopigwa marufuku kwenye chupa za watoto Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2012. Kisha mwambie muuzaji akifungue chote, vipande vyote mezani. Vikizidi vinne, rudisha. Ingiza kidole chako: pasipofika kidole wala brashi, maziwa yatafika na yatakaa. Wauzaji wengine watanuna, lakini kaka mmoja alikaa na mimi tukavihesabu vipande huku akishangaa mwenyewe.

Na chupa yenyewe inatoka vipi?

Ya mchana kwanza, kwa kuwa mchana kuna michezo na hana shida nayo sana. Kaa hivyo siku nne, tano, kisha ya asubuhi. Ya usiku iwe ya mwisho: maziwa kwenye kikombe akiwa amekaa, mswaki, ndipo kitanda. Kama lazima kiwepo kitu usiku, ni maji.

Wangu alisusa maziwa siku sita nzima. Nikababaika, nikampigia mama, akanicheka. Tulimpa mtindi kwa kijiko na uji uliokorogwa kwa maziwa, akawa anapata yake huko huko. Usimbembeleze kwa chai ya maziwa, majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma, wala usitie sukari kwenye kikombe, maana ukishaitia hutaitoa. Mwambie na dada wa nyumbani mapema, na umwonyeshe. Mimi nilikuwa naziondoa chupa, yeye anazitoa nyuma ya ndoo ya unga mtoto akilia saa nne asubuhi, na simlaumu, sikumwambia lolote.

Ningeingia Kariakoo leo na shilingi 10,000: vikombe viwili vidogo vya wazi vinavyofanana, kimoja chenye mrija kama bei itaruhusu, kibrashi chake, na chenji inayobaki naiongezea kununua dekio.