Mbege ya Marangu: likizo ya wawili chini ya Kilimanjaro

Kama wewe na mwenzako mnapenda kinywaji chenye mkono wa mpishi, nendeni Kilimanjaro, na kilele mkiache kwanza. Mimi na mume wangu tulikaa Marangu, chini kidogo ya geti la hifadhi, kazi yetu ikiwa kuonja mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga, nyumba hadi nyumba. Baa za Dar es Salaam tunazijua vizuri. Hakuna hata moja iliyowahi kunipa raha niliyoipata pale migombani, nimekalia benchi la mbao, kata ya kibuyu mkononi, na anayenihudumia ndiye aliyepika.

Tulianza na ziara ya kampuni moja ya utalii: maporomoko ya Kinukamori, mapango ambayo Wachagga walichimba wapate pa kujificha wakati wa vita, kahawa ya kukaangwa na kutwangwa kwenye kinu, kisha mbege. Maporomoko yanapendeza, na ile kahawa ningeinywa kila asubuhi. Mbege ndiyo ilituangusha. Ililetwa kwenye kikombe kidogo, imelala, imechachuka mpaka inakwangua koo, na kijana aliyetuhudumia hakujua imepikwa lini wala na nani. Kwa pesa tuliyotoa, hilo sikulipenda kabisa. Mgeni akionja ile ataondoka akidhani mbege ndivyo ilivyo, na kina mama wanaoipika vizuri watakuwa wameonewa.

Nafuu yetu ilikuwa mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia. Ni mzaliwa wa hapo, na alipotusikia tukilalamika akatupeleka kwa mama mmoja jirani anayepika kwa ajili ya watu wa kijiji. Tulimkuta yupo jikoni tangu alfajiri. Ndizi zilizoiva mno zilikuwa zinachemka kwenye sufuria kubwa juu ya kuni, na zinaachwa hapo kwa muda mrefu mpaka rangi igeuke kuwa nyekundu iliyofifia. Zikipoa zinakaa siku kadhaa zichachuke, na hapo zinaitwa nyalu. Pembeni kulikuwa na kimea cha ulezi, yaani ulezi uliolowekwa, ukaota, ukaanikwa, ndipo ukasagwa. Unga huo unapikwa uji, unachanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, na mchanganyiko unalala usiku mmoja. Kesho yake ni siku ya kunywa.

Kitu kilichomvutia sana mume wangu ni msesewa. Ni gome la mti linalotiwa kwenye uji, na ndilo linaloipa mbege uchungu, kama hopsi zinavyoipa bia ya kiwandani. Mama alituonjesha kipande kidogo. Uchungu wake unakaa ulimini muda mrefu. Akatuambia, "Wanangu, hapa ndipo mpishi anapojulikana. Ukizidisha umeharibu, ukipunguza umewapa watu uji wa ndizi."

Tuliyokunywa kwake ilikuwa imeiva siku hiyo hiyo. Ni nzito, ya rangi ya kahawia, povu juu, chembe za ulezi zinaelea. Inaanza na utamu wa ndizi, katikati ukali mdogo wa chachu, mwisho msesewa. Aliyepika akaonja kwanza mbele yetu, kisha kata ikapewa mzee aliyekuwepo, ndipo ikaja kwetu. Kwa watu waliozoea kila mtu na chupa yake, kunywa kwenye kata inayozunguka kunabadilisha mazungumzo. Mzee alitueleza jinsi mbege inavyopelekwa wakati wa kuposa na kwenye mahari, na jinsi mtu aliyemkosea mwenzake anavyokwenda na jani la mmea uitwao sale kuomba radhi. Mume wangu, ambaye kwa kawaida si msemaji, alimuuliza maswali mpaka jua likazama.

Baadaye tulikwenda maeneo jirani ya Mamba na Kilema. Huko nilithibitisha kwamba hakuna mbege moja. Ya Mamba ilikuwa chungu, imekaza, mume wangu akasema hiyo ndiyo yake. Ya Kilema ilikuwa laini na tamu zaidi, na hiyo ndiyo niliyoipenda mimi. Kwenye kilabu cha barabarani tulikuta inauzwa kwa jagi la plastiki, bei ndogo kuliko chupa moja ya bia, lakini ilikuwa ya jana yake na ukali ulishaanza kutawala. Kwa hiyo muulize muuzaji imeiva lini kabla hujauliza bei. Hili ndilo swali pekee la lazima.

Kuhusu mengine: kuleni kwanza. Mtori wa asubuhi unatosha, na mkipata kisusio, ile supu ya nyama yenye damu, msiache. Mbege inashuka polepole na inashibisha, lakini baada ya kata kadhaa miguu inajua, na njia za kule ni za mteremko, zenye utelezi, na mifereji ya maji inapita kando yake. Sisi tulimkodi dereva. Juni na Julai kuna baridi kali, bebeni sweta. Masika msiende, tope litawazuia kufika kwenye nyumba zilizo ndani. Desemba Wachagga wamerudi nyumbani, mbege ni nyingi na kila nyumba ina sherehe, ila vyumba vinajaa mapema.

Ziara ile ya kampuni sitaipendekeza kwa ajili ya pombe. Safari ya kwenda kwa wapishi wenyewe nitaipendekeza kwa mtu yeyote, hasa wawili waliooana muda mrefu. Mwambieni mwenyeji wenu kama wiki moja kabla, ili mama apate ndizi na ulezi, apike kwa siku yenu. Mlipeni yeye mwenyewe mkononi, na mkishukuru semeni aika. Sisi safari ijayo tunataka kwenda Rombo, kwa hiyo anayemjua mpishi mzuri huko anielekeze.