Kozi ya kuchomelea chuma: kioo chenye seloteipu kimeniharibia kila kitu

Naanza na kioo, maana ndicho kilichonitoa machozi. Kile kioo cheusi cha barakoa ya kuchomelea, cha kukinga macho. Chuo cha ufundi nilichosoma hapa Dodoma, jina naliacha, kilinipa barakoa yenye kioo kilichopasuka kuanzia kona ya juu hadi katikati, na juu ya ufa mtu kabandika seloteipu. Seloteipu!

Nikaenda stoo kwa adabu zote. "Kaka, samahani, naomba unibadilishie, hiki kina ufa." Kijana wa kumzaa mimi, macho hayakubanduka kwenye simu. "Mama, wenzako wanatumia hizohizo. Kama unaogopa mwanga, kozi ya ushonaji iko jengo la pili." Darasa zima likasikia.

Nikavaa, nifanyeje. Tulikuwa tunaunga miguu ya madawati. Mchana sikuhisi kitu, na ndivyo mwanga ule ulivyo, unakudai baadaye. Usiku wa manane nikaamka kama mtu kanimwagia mchanga macho yote mawili. Machozi yanachuruzika, taa ya chumbani siwezi kuitazama. Binti yangu akanikatia viazi mbatata nikaviweka juu ya kope, kama wafanyavyo mafundi wa Kizota. Vinapoza tu, haviponyi. Asubuhi hospitali nikaambiwa jicho limeungua kwa juu, kama ngozi inavyoungua na jua, nikapewa dawa ya matone. Siku mbili nimekaa gizani. Kisha nikaenda Majengo nikanunua kioo namba 11, namba ya kiwango cha weusi wake, kwa hela yangu. Bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Kwa kitu hicho mtu anahatarisha macho ya mwenzake!

Mimi nilikuwa nakata tiketi za mabasi ya Dar, miaka 11. Treni ya umeme ilipoanza kufika hapa mwaka 2024, abiria wetu wengi wakahamia huko, na haukupita muda mrefu tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Kiinua mgongo changu chote kikaingia kwenye ada. Kila mtu alikuwa anasema bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, linapita mkoani kwetu, wachomeleaji watatafutwa kwa udi na uvumba. Chuoni hakuna aliyetuambia kwamba kuunga bomba kuna mtihani wake, unachomelea ukizunguka bomba lililotulia, na viungo vinapimwa kama wanavyopima mfupa uliovunjika. Cheti cha hatua ya kwanza hakikufikishi huko. Hilo nalo limeniuma.

Lakini kuna mzee mmoja, mwalimu wa karakana. Nisipomsema nitakuwa nimedhulumu. Rodi za 7018, vile vijiti vya kuchomelea, alizihifadhi kwenye sanduku lenye balbu inayowaka mchana kutwa, kwa sababu zikinyonya unyevu mshono unakuja kupasuka wenyewe baadaye. Alisimama nyuma yangu, akanishika kiwiko: "Mama, usitazame tu. Sikiliza." Mkono ukiwa umbali sawa, moto unalia kama vitumbua kwenye mafuta. Ukisogea mbali unavuma na kurusha cheche, ukikaribia mno rodi inaganda. Nikasikiliza. Siku gamba, lile ganda linalobaki juu ya mshono, lilipojibandua lenyewe, likajikunja na kuanguka, chini yake mshono umelala kama mkeka uliosukwa, nililia mbele ya watoto wale na sikuona aibu. Leo nina mageti mawili mtaani Nkuhungu, na yanafunga vizuri.

Kwa hiyo nilitaka kuwaambia msiende, na sasa mkono unasita. Nyota mbili. Hapana, yule mzee peke yake anastahili tano. Nendeni, ila na kioo chenu mfukoni.

Halafu nakumbuka wiki ya mitihani na damu inachemka upya. Nimeingia karakana, nikamkuta binti mdogo, hata miaka 18 hajafika, amevaa barakoa ileile. Ufa uleule, seloteipu ileile, imeshageuka njano. Nikamvua, nikampa yangu. Ile nikaipeleka hadi mlangoni pa stoo, nikakivunja kioo kwa nyundo ya kutolea gamba, vipande vikabaki hapohapo kizingitini.

Wananidai faini. Silipi.